Kisima na Choo Ndani ya Kiwanja Kimoja: Ugawaji wa Ardhi na Uchafuzi wa Maji ya Chini ya Ardhi Kibaha na Kisarawe

Uchafuzi wa maji ya chini ya ardhi huelezwa mara nyingi kuwa ni tunda la uzembe: mwananchi hakujenga choo bora, mfugaji amemwaga samadi ovyo, kiwanda kimeachia majitaka. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayatoshi kufafanua hali ya makazi yanayoifuata Barabara ya Morogoro, kuanzia Kiluvya hadi Maili Moja, Mkuza na Tumbi, na yale yanayosambaa kuelekea vilima vya Kisarawe. Hoja ya makala haya ni kwamba chanzo kikuu cha uchafuzi katika ukanda huo ni namna ardhi inavyogawanywa. Pasipo na mtandao wa majitaka, ukubwa wa kiwanja ndio unaoamua ni uchafu kiasi gani utayafikia maji. Hata familia safi kuliko zote mtaani haiwezi kukwepa matokeo ya uamuzi uliofanyika siku shamba la mikorosho lilipokatwa viwanja.

Kiwanja kinachouzwa zaidi katika maeneo haya ni cha mita 20 kwa 20. Mwongozo unaotumika sana wa usafi wa mazingira unataka choo cha shimo kiwe walau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kitako cha shimo kiwe walau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji. Sasa tupime. Kutoka pembe moja ya kiwanja hicho hadi pembe ya mkabala ni mita 28 tu. Mwenye nyumba akichimba kisima kwenye pembe moja na choo kwenye pembe nyingine, bado hajaufikia umbali unaotakiwa, na hapo hatujahesabu mashimo ya majirani yaliyo nyuma ya ukuta wake. Idadi ya watu nayo inaongeza uzito. Katika sensa ya 2012 Halmashauri ya Mji wa Kibaha ilikuwa na watu wasiofika 130,000. Sensa ya 2022 ilikuta idadi hiyo imeongezeka zaidi ya maradufu. Mashimo yameongezeka pamoja na watu, juu ya maji yaleyale.

Udongo wa ukanda huu hauwezi kubeba mzigo huo. Sehemu kubwa ni mchanga na mawe laini ya pwani yenye matabaka ya mfinyanzi hapa na pale, na mvua za masika huzama haraka mno. Mchanga huchuja vimelea kwa kiasi fulani maji yanapopita taratibu. Naitreti, inayotokana na naitrojeni iliyomo kwenye kinyesi na mkojo, hauizuii. Hesabu ya kukadiria inaonyesha ukubwa wa tatizo. Tuchukue familia ya watu watano, kila mmoja akitoa kilo tatu za naitrojeni kwa mwaka, na tuseme robo tu ya hiyo ndiyo inayozama. Tuchukue pia mvua ya milimita 1,000, sehemu yake ya kumi ikipenya ardhini, na maji ya matumizi ya nyumbani ya kiasi hichohicho. Jibu linakaribia miligramu 200 za naitreti kwa lita chini ya kiwanja hicho, wakati kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50. Haya ni makadirio, wala hayachukui nafasi ya kipimo cha kisima. Hata hivyo, yamefanywa kwa upole, na bado yanazidi kiwango mara nne kabla hatujagusa mabanda ya kuku, ambayo Kibaha inayo kwa wingi, na marundo ya maranda na mbolea yanayolowana msimu mzima wa mvua.

Madhara yake ni ya namna mbili. Vimelea huleta kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu, maradhi ambayo jamii inayajua na huyakabili kwa kuchemsha maji. Naitreti ni hatari ya aina nyingine. Haina rangi, harufu wala ladha, na kuchemsha kunaizidisha kwa sababu maji hupungua sufuriani nayo ikabaki. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo anaweza kupungukiwa oksijeni katika damu. Zaidi ya hapo, mto uliochafuka unaweza kusafishika uchafu ukisitishwa na mvua zikinyesha, ilhali maji yaliyo kwenye matabaka ya mchanga husogea polepole, na uchafu ulioingia leo unaweza kukaa humo kwa miongo kadhaa.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike na visima wakati mabomba yanazidi kusambazwa, na mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi, karibu kabisa. Swali ni la haki, lakini historia inalijibu. Ukame wa 1997 uliisukuma Dar es Salaam kuchimba visima kwa haraka. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua tena, maji yakaanza kutolewa kwa mgawo, na visima vya Kigamboni vikategemewa kupunguza makali. Maji ya chini ya ardhi ndiyo akiba yetu mto unapokauka. Akiba hiyo ikiharibiwa katika miaka ya neema, haitakuwepo mwaka wa shida.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: viwanja vidogo ndivyo mtu wa kipato cha chini anavyoweza kununua, na kudai viwanja vikubwa ni kumfukuza mjini. Ni kweli, na kwa sababu hiyo suluhisho si kupanua kila kiwanja, bali ni kuvitenganisha kisima na choo katika ngazi ya mtaa. Ramani ya viwanja isipitishwe bila eneo la kisima cha pamoja lililozungukwa na ardhi isiyojengwa. Mashimo yasakafiwe na kunyonywa, na majitaka yapelekwe kwenye mabwawa ya kuyatibu badala ya kutapishwa mvua inaponyesha. Mbolea ya kuku ihifadhiwe juu ya sakafu ya saruji na chini ya paa. Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ipime naitreti mara kwa mara na matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Maji tusiyoyaona yanastahili ulinzi wa uzito huohuo. Mashamba mengi ya Kibaha Vijijini na Kisarawe bado hayajakatwa viwanja. Huko kinga itagharimu mistari michache kwenye ramani, wakati Mkuza na Maili Moja tayari zinadai fedha za umma na subira ya miaka mingi.