Kondoo 870 wa Bibi wa Newcastle

Waliosikia mazungumzo haya redioni Jumapili watanisamehe kwa kuyarudia. Nimeombwa niyaandike, maana wengine walishika mwisho bila mwanzo.

Kwa mtu wa redio sauti ndiyo jembe. Miaka saba iliyopita, nikiwa katikati ya kurekodi, fundi mitambo wetu aliinua mkono nyuma ya kioo akanisimamisha. "Dada, subiri kidogo. Naona mtambo unakwenda polepole." Akakagua nyaya, akasikiliza tena, akakuna kichwa. Mtambo haukuwa na kosa. Aliyekuwa anakwenda polepole ni mimi.

Dalili nyingine zilikuwapo kabla ya hapo, ila nilikuwa nimezipa majina mengine. Dar es Salaam ya mwezi wa Februari, watu wanajipepea kwa magazeti, mimi nimevaa sweta. Uso umejaa, nywele zinabaki kwenye kitana, choo kigumu, na usingizi ambao hata ulale saa kumi hauishi. Majirani walinipongeza: "Mama, umenawiri, mambo yako mazuri siku hizi!" Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema tu kwamba mke wa mwanawe amekuwa mvivu. Kibaya zaidi ni kwamba hata mimi nilianza kumwamini.

Daktari alinitoa damu, majibu yakaja: tezi dundumio imelegea. Hii ni tezi iliyokaa mbele ya koo, umbo lake kama kipepeo, na kazi yake ni kutoa homoni inayouambia mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige mara ngapi, joto liwe kiasi gani. Yangu ilikuwa haitoi ya kutosha. Nikapewa kidonge kidogo cheupe, kimoja kila asubuhi kabla ya kutia kitu tumboni. Nikauliza, kwa muda gani, daktari? "Kwa maisha, mama." Nikadhani anatania.

Mwaka ulipopita nikajiona nimepona. Sauti imerudi, sweta liko kabatini. Nikaviacha vidonge. Juma la kwanza hakuna kilichotokea. La pili nalo likapita salama. Nikawaambia watu kuwa madaktari wanapenda kutufunga kamba. Mwezi wa tatu fundi mitambo akainua tena mkono nyuma ya kioo.

Daktari hakunigombeza. Alinisimulia habari za bibi mmoja wa mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya kidonge changu. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Mwaka 1873 Sir William Gull, tabibu mashuhuri wa London, alieleza habari za wanawake watu wazima waliovimba uso na mikono, wakapoa akili na mwendo, na waliozungumza kana kwamba ulimi ni mkubwa kuliko kinywa. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini. Miaka mitano baadaye mwenzake, William Ord, aliupa ugonjwa huo jina la miksidema, akiamini kuwa ngozi ya wagonjwa imejaa kitu mfano wa ute. Jina likapatikana, dawa hakuna. Mgonjwa alipoa na kuzubaa mwaka hadi mwaka, wengine wakaishia katika hospitali za wenye wazimu.

Ufumbuzi ulitokea mahali pasipotazamiwa, kwenye meza ya upasuaji. Uswisi ni nchi ya milima, na udongo wake una upungufu wa madini joto, ambayo ndiyo malighafi ya tezi hii. Tezi ikikosa malighafi hujitanua, na uvimbe huo ndio tunaouita rovu. Rovu zilikuwa nyingi mno Uswisi, na katika mji wa Bern alikuwapo daktari bingwa wa kuziondoa, Theodor Kocher. Mkono wake ulikuwa mwepesi na safi, na wagonjwa wake waliishi wakati wa wengine wakifa.

Mwaka 1874 Kocher alimpasua msichana wa miaka 11, akaitoa tezi yote. Mtoto akapona jeraha akaenda nyumbani. Miaka ikapita, hadi madaktari wa Geneva, Reverdin na wenzake, walipoanza kunong'ona kuwa watu waliotolewa tezi yote hawako sawa. Kocher akawaita wagonjwa wake wa zamani waje awaone. Yule msichana alikuja pamoja na mdogo wake. Kabla ya upasuaji yeye ndiye alikuwa mrefu. Sasa mdogo amekuwa mwanamke kamili, naye mkubwa amebaki mfupi, amevimba uso, amezubaa. Picha yao wawili ipo hadi leo.

Ningependa wapenzi wa redio na magazeti watafakari kidogo juu ya Kocher. Angeweza kunyamaza. Mgonjwa alipona, mwenye kidonda ameridhika, nani angemlaumu? Yeye mwaka 1883 alisimama mbele ya madaktari wenzake akaeleza madhara aliyoyafanya kwa mikono yake, akaacha kuitoa tezi yote kwa ajili ya rovu ya kawaida. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii. Wapo wanaosema alipewa kwa ustadi wa kisu. Mimi kwa upande wangu naona ule ungamo ulistahili zaidi.

Mwaka huohuo wa 1883, Felix Semon, daktari wa koo huko London, aliunganisha nyuzi: wanawake wa Gull na waliopasuliwa wa Kocher wana ugonjwa mmoja, nao ni kukosa kazi ya tezi. Wenzake hawakukubali upesi. Kamati ikaundwa, ikakaa miaka mitano, na mwaka 1888 ikakiri kuwa Semon alisema kweli.

Sasa swali likawa jepesi: kama tatizo ni kukosa tezi, mbona mtu asipewe ya mnyama? Mwaka 1890 huko Lisbon, Ureno, madaktari Bettencourt na Serrano walipandikiza tezi ya kondoo chini ya ngozi ya mgonjwa wao. Akaanza kupata nafuu siku iliyofuata! Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Kipande cha nyama hakiwezi kushika mizizi kwa siku moja. Kwa hiyo kilichomsaidia si nyama yenyewe bali maji yake yaliyonyonywa na mwili.

Aliyeshika fumbo hilo akalifanya dawa ni kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, George Murray wa Newcastle. Alipowaeleza wakubwa zake nia yake ya kudunga maji ya tezi ya kondoo, mmoja wao alimkejeli kuwa basi na mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo atibiwe kwa rojo la uti wa mgongo. Murray hakubishana. Alikwenda kutafuta tezi mbichi za kondoo waliochinjwa wakati huohuo, akazikatakata, akaziloweka katika gliserini na dawa ya kuua vijidudu, akazikamua kwa kitambaa kilichochemshwa.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka 46, aliyekuwa mgonjwa kwa miaka kadhaa. Sindano zilianza mwezi wa Aprili 1891. Baada ya miezi mitatu uvimbe ulikuwa umeshuka, maneno yanatoka upesi, baridi imemwacha, anatembea na kufanya kazi za nyumba. Oktoba 10 mwaka huo taarifa ikatoka katika jarida la madaktari wa Uingereza, na kwa mara ya kwanza duniani upungufu wa homoni ukawa umetibiwa kwa kumpa mtu kile alichopungukiwa. Insulini ya wenye kisukari ilikuja zaidi ya miaka 30 baadaye.

Lakini kilichonigusa si miezi ile mitatu, bali yaliyofuata. Bibi yule hakusema amepona. Aliendelea, kwanza kwa sindano, kisha kwa kunywa matone, mwaka baada ya mwaka, hadi alipofariki mwaka 1919 akiwa na umri wa miaka 74. Murray, ambaye naye alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, akaandika maisha yake na hesabu yake: tezi za kondoo zaidi ya 870 katika miaka 28. Ni kama kondoo 31 kila mwaka. Nilipofanya hesabu hiyo nikaona haya. Yeye alisubiri machinjio, mimi nilishindwa kufungua chupa.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Mwaka 1892 iligundulika kuwa hakuna haja ya sindano, tezi ikiliwa inatosha. Daktari mmoja wa Plymouth, Edward Fox, alimpa mgonjwa wake nusu ya tezi ya kondoo iliyokaangwa kidogo, pamoja na jamu. Vikaja vidonge vya tezi iliyokaushwa na kusagwa. Kasoro yake ilikuwa kwamba tezi hii ina nguvu na ile haina, kwa hiyo mgonjwa wa leo hajui kama kesho amezidishiwa au amepunjwa. Na wenye afya zao nao wakaanza kuvimeza ili wapungue unene, mchezo wa hatari kwa moyo, ambao hadi leo haujaisha. Wewe unayenunua vidonge vya kupunguza mwili visivyojulikana vimechanganywa na nini, nadhani umenisikia.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1914, Edward Kendall wa Marekani alifanikiwa kuitenga homoni yenyewe ikiwa safi, ile iitwayo thairoksini. Alihitaji karibu tani tatu za tezi za nguruwe ili kupata gramu 33 hivi. Hadi Charles Harington wa London alipofumbua umbile lake mwaka 1926, na mwaka uliofuata, pamoja na George Barger, akaitengeneza maabara bila mnyama yeyote. (Wasikilizaji wa pwani huniuliza juu ya nguruwe. Kidonge cha kawaida cha levothairoksini kinatengenezwa kiwandani. Vidonge vya tezi ya nguruwe bado vipo Marekani, navyo huitwa kwa jina jingine, muulize mfamasia.)

Wakati wa daktari wangu kunichora picha kwenye karatasi, alinieleza jambo moja lililonifumbua macho. Thairoksini hukaa mwilini muda mrefu: ukiacha leo, baada ya juma moja nusu yake ingali ipo. Ndiyo maana ukisahau siku moja hutaona kitu. Ndiyo maana pia ukiacha kabisa, unajiona mzima kwa majuma kadhaa, unajisifu, unawacheka madaktari. Akiba inaliwa kimyakimya.

Je, sisi wa huku? Nyanda za Juu Kusini, Iringa, Mbeya na Rukwa, rovu ilikuwa kitu cha kawaida shingoni mwa akina mama, na ng'ambo, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922. Kwetu Tanzania chumvi ya kula ililazimishwa kutiwa madini joto katika miaka ya 1990, na ni moja ya mambo ambayo watu hawayakumbuki kwa sababu yamefanikiwa. Ila tusichanganye. Ugonjwa wangu haukutokana na chumvi. Mara nyingi kwa watu wazima ni kinga ya mwili yenyewe inayoigeukia tezi, ugonjwa ulioelezwa kwanza na daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912. Huo hautibiwi kwa chumvi. Dawa yake ni kidonge.

Wapo wengine wasioweza kueleza dalili zao. Mtoto anaweza kuzaliwa bila tezi, au nayo ikiwa haifanyi kazi. Akipata thairoksini katika majuma ya kwanza, akili yake hukua kama ya wenzake. Akichelewa miezi, kilichopotea hakirudi. Tangu miaka ya 1970, kuanzia Quebec nchini Kanada, nchi nyingi huchukua tone la damu kwenye kisigino cha kila mtoto mchanga ili kumtambua. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki bado hazifanyi hivyo kama kawaida, kwa hiyo kazi inabaki kwa macho ya mama na mkunga.

Na macho hayo hudanganywa kwa urahisi. Mtoto huyo analala sana, hasumbui usiku, ananyonya kidogo. Manjano ya siku za kwanza hayaishi, choo ni kigumu, kitovu kimetokeza. Majirani humsifu kuwa ni mtoto mpole, kama walivyonisifu mimi kwa kunawiri. Halii mara nyingi, na akilia sauti yake ni nzito, ya kukwaruza.