Uvumi Ulioongeza Makaburi

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika eneo la Beni. Mwezi wa Desemba uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa, huku raia wa majimbo mengine wakipiga kura. Hapo uvumi ukapata nguvu: eti Ebola ni uongo wa wanasiasa. Ukaenea sokoni na katika simu. Wengine wakawaficha wagonjwa wao. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Kamerun kutusaidia, aliuawa hospitalini Butembo. Ugonjwa ulipokwisha, Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Hasira yetu ilikuwa na sababu. Uongo haukuwa nayo. Kabla ya kusambaza habari, tuulize: nani aliyeshuhudia?