Kibaba, Tonge na Picha ya Chakula

Watu wa mwambao wa Afrika Mashariki walipima nafaka kwa kibaba na pishi tangu zamani, kabla mizani haijaenea madukani. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi. Waislamu nao, walipotoa zaka ya fitri, walihesabu pishi moja kwa kila mtu. Lakini kwetu sisi lililo na maana zaidi ni neno dogo lililofuata jina la kipimo: je, ni kibaba cha mfuto au kibaba cha tele? Cha mfuto kilisawazishwa mdomoni. Cha tele kilijazwa hata nafaka ikafanya kilele. Chombo kilikuwa kile kile, chakula sicho.

Twaanza na neno hilo kwa sababu wataalamu wa lishe walikutana na shida iyo hiyo walipotaka kujua watu wanakula kiasi gani.

Uchunguzi wa ulaji ulipoanza kushika mizizi katika sehemu hizi za Afrika, mizani ndiyo iliyoaminiwa. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walitoa taarifa iliyolinganisha chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai wa Kenya. Mwaka 1936 Audrey Richards, aliyeishi miongoni mwa Wabemba katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alichapisha pamoja na Elsie Widdowson uchunguzi wa mlo wa watu hao. Mizani husema kweli, lakini huvuruga ada ya nyumba. Mama aliyekaliwa na mgeni jikoni hapiki kama desturi yake. Pengine huzidisha kwa kuona haya. Tena ni rahisi kupima chungu kizima, si rahisi kupima kilichoingia tumboni mwa kila mlaji.

Kwa hiyo ikatafutwa njia ya kuuliza: jana ulikula nini, tangu asubuhi hata usiku? Aina ya chakula watu huikumbuka. Kiasi ndicho kiwashindacho kueleza. Hapo ndipo picha ilipopata kazi. Chakula hupimwa uzito, hupakuliwa sahanini kwa viasi vinavyopanda hatua kwa hatua, na kila kiasi hupigwa picha yake. Anayeulizwa huchagua ile iliyofanana na mlo wake. Huko Uingereza Michael Nelson na wenzake waliijaribu njia hii katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 kikatoka kitabu chao cha picha, ambamo chakula kimoja huoneshwa kwa picha 8, kuanzia kiasi kidogo hadi kikubwa.

Majaribio ya namna hiyo yamefichua tabia moja ya wanadamu. Aliyekula kidogo huelekea kuchagua picha iliyozidi mlo wake, na aliyekula kingi huchagua iliyopungua. Yafaa tutazame maana yake: mwenye njaa huandikwa kuwa ameshiba kuliko alivyoshiba. Wastani wa kijiji kizima waweza kuonekana mzuri, na wale hasa waliotafutwa wakafichika ndani yake.

Hata namna ya kushika kamera si jambo la kupuuza. Picha iliyopigwa kutoka juu wima huonesha upana wa wali na kuficha kimo chake, hata tusijue kama ni mfuto au tele. Ndiyo maana mpiga picha mwangalifu huinamisha kamera, ikaona kama jicho la mtu aliyeketi mbele ya sahani, na kando huweka kijiko ili ukubwa upate kulinganishwa. Sahani nayo hudanganya, maana wali ule ule huonekana haba katika sahani kubwa. Na ukoko unaogombewa na watoto jikoni hauingii sahanini, basi hauingii pichani.

Lakini shida kubwa zaidi ni sinia. Kitabu cha picha hudhania kila mtu ana sahani yake. Katika nyumba nyingi za kwetu ugali huwekwa katikati, kila mmoja akamega tonge na kutowea katika bakuli moja la mchuzi. Mwenye mkono mwepesi hupata zaidi. Mtoto wa miaka mitatu hupata alichoachiwa na kaka zake. Mama akioneshwa sahani nane za ugali, atamwoneshea mtoto huyo ipi? Kwa maoni yetu, ni afadhali kupiga picha za matonge, makubwa na madogo, yaliyomegwa na mikono ya watu wazima na ya watoto na kupimwa uzito, kisha mama aulizwe ukubwa na idadi.

Tanzania iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka 2008 yalitolewa majedwali ya virutubishi vya vyakula vya nchini, kwa ushirikiano wa taasisi hiyo, Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard. Kwa majedwali hayo gramu za ugali au maharage hugeuzwa kuwa hesabu ya nguvu na protini. Gramu zenyewe, hata hivyo, hazitoki katika jedwali. Hutoka kwa yule mama, anayejaribu kukumbuka mkono wa mtoto ulirudi siniani mara ngapi.