Gari karibu jipya likizimika ghafla safarini: hatua za barabarani, waranti na haki za mnunuzi

Wanunuzi wengi wa magari nchini Burundi hupokea gari lao katika bandari ya Dar es Salaam, kisha huliendesha wenyewe au hulikabidhi kwa dereva wa kukodi hadi mpaka wa Kabanga na Kobero. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi. Kwa gari lililotoka kiwandani mwaka mmoja au miwili iliyopita, mara nyingi huo ndio mtihani wa kwanza mzito. Likizimika njiani, mwenye gari hukabiliwa na maswali matatu kwa mpigo: afanye nini pale alipo, nani atagharimia matengenezo, na hati za forodha zitakuwaje iwapo muda wake utakwisha gari likiwa bado gereji.

Kwa nini gari jipya huharibika

Wahandisi wana maelezo ya kawaida kuhusu jambo hili. Katika maisha ya mashine yoyote, hitilafu huwa nyingi mwanzoni, hupungua kwa kipindi kirefu cha katikati, kisha huongezeka tena uzeeni. Hitilafu za mwanzo hazitokani na uchakavu. Hutokana na kasoro ya kiwandani: boliti isiyokazwa sawasawa, kifaa cha umeme chenye dosari, mpira wa mafuta uliokaa upande. Kwa hiyo upya wa gari, peke yake, si kinga.

Mfano wa karibu ni wa Mei 2024, kampuni ya Toyota ilipotangaza nchini Marekani kuyarejesha kwa ukaguzi magari yapatayo 100,000 ya aina ya Tundra na Lexus LX ya modeli za 2022 na 2023. Chembe za chuma zilizotokana na uchongaji wa vipuri zilikuwa zimebaki ndani ya baadhi ya injini. Zikifika kwenye beringi, injini inaweza kugonga, kupoteza nguvu, au kuzimika gari likiwa mwendoni. Hapo mmiliki hana kosa lolote, hata awe mwangalifu namna gani.

Sababu ya pili ni mafuta. Kutokana na uhaba unaojirudia nchini Burundi, watu wengi wamezoea kununua esansi au mazuti kwenye vidumu. Mafuta hayo yanaweza kuwa na maji, uchafu, au mchanganyiko wa aina mbili. Injini za kale zilivumilia mengi. Injini za kisasa zenye nozeli za shinikizo kubwa hazivumilii. Na waranti, kama itakavyoelezwa hapa chini, kwa kawaida haiyagusi madhara ya mafuta machafu. Stakabadhi ya kituo cha mafuta ni karatasi ndogo, lakini siku ya mabishano huwa na uzito mkubwa.

Sababu ya tatu haipendezi kusemwa: pengine gari si jipya kama lilivyotangazwa. Kilomita zinaweza kurudishwa nyuma, na gari lililozama katika mafuriko linaweza kusafishwa likang'aa. Kutu kwenye reli za viti na matope makavu chini ya zulia husema ukweli ambao rangi ya nje huuficha.

Pale barabarani

Taa za dashibodi zina lugha yake. Nyekundu inaamuru kusimama mapema iwezekanavyo mahali salama. Ya manjano inataka gari lichunguzwe karibuni. Taa nyekundu ya shinikizo la oili ndiyo isiyosamehe: zima injini mara moja, kwani dakika chache za kuendelea zaweza kuigeuza kasoro ndogo kuwa injini iliyokufa. Taa ya injini yenye rangi ya manjano ikiwaka bila kumetameta, kwa kawaida gari laweza kufika gereji kwa mwendo wa pole. Ikimetameta, ujue injini inakosa kuunguza mafuta vizuri, na mafuta hayo mabichi yataiharibu sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, ambayo bei yake ni kubwa.

Joto likipanda kupita kiasi, zima kiyoyozi, washa hita kwa ukali wake wote ili iondoe joto kwenye injini, kisha tafuta pa kusimama. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yamebanwa kwa shinikizo, nyuzijoto zake zaweza kuzidi 100 bila kuchemka. Mfuniko ukilegea tu, huchemka papo hapo na kumrukia aliye mbele. Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuunguza.

Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, usukani huwa mzito na breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Kanyaga kwa uthabiti, bila kupampu. Usichomoe ufunguo kabla gari halijasimama, maana usukani unaweza kujifunga.

Kuna jambo moja linalostahili kuangaliwa kwa makini na madereva wetu. Burundi tunapita kulia, lakini magari mengi tunayotumia yana usukani wa kulia. Tukiegesha kando nyumbani, mlango wa dereva hufunguka upande wa majani. Tanzania wanapita kushoto: gari lilelile likiegeshwa kando ya barabara, mlango wa dereva hufunguka upande wa malori yanayopita. Mazoea ya kushuka bila kutazama, ambayo Gitega hayana madhara, kati ya Nzega na Kahama yanaweza kuua. Dereva na ashukie mlango wa abiria ikiwezekana, na abiria wote wakae mbali na lami.

Washa taa za tahadhari na weka pembetatu mbali vya kutosha, hasa palipo na kona au kilele cha mlima. Madereva wa malori wa Tanzania hutanguliza matawi ya majani barabarani kuashiria gari lililoharibika. Ukiyaona, punguza mwendo, na ukiondoka uliyoyaweka wewe yaondoe.

Gari la kuvuta nalo lina masharti. Gari la otomatiki halivutwi kwa kamba kwa umbali mrefu magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini, kwa sababu gia boksi huzunguka bila kulainishwa na oili. Gari linalovuta magurudumu yote manne lipakiwe lote juu ya gari la kubebea. Kwa magari ya haibridi, nyaya za rangi ya machungwa hazishikwi na asiye na mafunzo. Lakini msikate tamaa upesi: haibridi iliyokufa kabisa, isiyowasha hata taa, mara nyingi ina tatizo la betri ndogo ya volti 12 tu.

Kabla fundi hajafungua boneti

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao, na wanaipoteza ndani ya nusu saa. Gari limesimama, jua linawaka, fundi mwenye bidii anafika na spana mkononi. Akifungua injini, muuzaji atakuja kusema kwamba kasoro ilitokana na fundi huyo, na itakuwa vigumu kumpinga. Kwa gari lenye waranti, kazi ya kwanza ni simu na ujumbe wa maandishi kwa muuzaji, siku hiyohiyo, ukitaja tarehe, mahali, kilomita zilizosomeka na dalili zilizoonekana.

Piga picha dashibodi taa zikiwa bado zinawaka. Rekodi mlio wa injini ikiwa upo, pasipo kuiwasha tena kwa ajili hiyo kama taa ya oili ilikuwa imewaka. Gari likipimwa kwa kompyuta, omba namba za hitilafu ziandikwe au zipigwe picha kabla hazijafutwa. Kufuta namba ni rahisi, kuzirudisha haiwezekani. Na ikiwa hakuna budi kipuri kibadilishwe njiani ili watu wafike salama, kipuri cha zamani kichukuliwe. Fundi asiachiwe kama chuma chakavu. Ndicho shahidi.

Waranti ni ahadi ya nani?

Neno waranti hutumiwa kwa mambo tofauti. Waranti ya mtengenezaji hutolewa kwa gari lililonunuliwa jipya kwa wakala wake rasmi, kwa mfano miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Kwa kawaida huhusu soko ambalo gari liliundiwa. Gari lililoundwa kwa ajili ya Japani, likauzwa mnadani huko likiwa na umri wa mwaka mmoja, halimlazimishi wakala wa chapa hiyo wa Dar es Salaam au Bujumbura kulitengeneza bure. Hili huwashangaza wanunuzi wengi, nao huambiwa likiwa limekwisha kuharibika. Swali hilo liulizwe kabla ya malipo, na jibu liwe la maandishi.

Ya pili ni waranti ya muuzaji mwenyewe, ambayo ukubwa wake ni maneno yaliyomo katika karatasi yake, wala si yale aliyoyasema akinywa chai na mteja. Huwa haihusu vitu vinavyolika kwa matumizi kama pedi za breki na matairi, wala madhara ya mafuta machafu, ajali, au huduma ya oili iliyorukwa.

Kasoro inayojulikana na mtengenezaji ni jambo jingine. Magari yanapoitwa kurejeshwa kwa ukaguzi, marekebisho kwa kawaida hayalipiwi na mmiliki. Namba ya chesisi ndiyo hutumika kuulizia. Magari ya masoko mengi yana namba yenye tarakimu na herufi 17. Yale ya soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, na huulizwa kwenye ukurasa wa Kijapani wa kampuni husika.

Sheria inasemaje

Hata pasipo waranti, mnunuzi hayuko mikono mitupu. Nchini Tanzania, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, yenye asili ya Uingereza, huuweka ndani ya mkataba sharti la ubora hata kama halikuandikwa, muuzaji anapokuwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo pia hushughulikia ulinzi wa mlaji. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012, na kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili. Uganda ilipitisha mwaka 2017 sheria mpya ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma. Katika mfumo huu wa Kiingereza muda ni jambo nyeti: anayekaa na gari na kulitumia kama lake, huku akijua kasoro, anaweza kuhesabiwa kuwa amelikubali. Hapo hubakiwa na haki ya kudai fidia tu, bila ya kulirudisha.

Burundi na Kongo zinafuata mapokeo mengine, yale ya sheria ya mikataba yenye asili ya amri ya tarehe 30 Julai 1888. Humo kuna dhamana ya kasoro zilizofichika. Muuzaji hawajibiki kwa kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, bali kwa ile iliyojificha na inayolifanya gari lisifae kwa matumizi yake. Mnunuzi huchagua: kulirudisha gari na kurudishiwa fedha, au kubaki nalo na kurejeshewa sehemu ya bei. Ikithibitika kwamba muuzaji aliijua kasoro akanyamaza, hudaiwa na fidia juu yake. Sharti ni kudai ndani ya muda mfupi, na sheria haikuutaja kwa siku. Jaji ndiye hupima. Miezi ya ahadi za “njoo wiki ijayo” humfaa muuzaji, haimfai mnunuzi.

Ikumbukwe pia kwamba sheria nzuri haina meno ya kutosha dhidi ya muuzaji aliye ng'ambo ya bahari na tayari amelipwa. Kwa gari la bei kubwa, kumlipa fundi huru alikague bandarini kabla ya kuanza safari ni gharama ndogo kuliko wakili.

Forodha na bima

Gari linalopita Tanzania kuelekea Burundi liko chini ya hati ya forodha yenye muda maalumu. Likiharibika njiani, taarifa itolewe kwa wakala wa forodha anayelisimamia na kwa ofisi ya forodha au kituo cha polisi kilicho karibu, kabla ya muda huo kwisha. Karatasi ya polisi na ya gereji zinazoonyesha siku gari lilipoingia na kutoka huandamana na ombi la kuongezewa muda. Vivyo hivyo kwa gari lenye namba za Burundi lililoingia kwa kibali cha muda. Lisihamishiwe kwenye gari jingine la kubebea kuvuka mpaka bila idhini.

Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutambuliwa pia nchini Tanzania, huwahusu watu wengine waliodhuriwa na gari pamoja na gharama za matibabu ya dharura. Haigharimii gari lako lililoharibika, wala kulivuta. Baadhi ya bima kubwa hugharimia uvutaji, lakini nyingi hukomea mpakani. Anayetarajia kusafiri aombe sharti hilo lisomwe mbele yake, na namba ya simu ya dharura aiandike kwenye karatasi, kwa kuwa simu ikizimika Sekenke usiku, namba iliyomo ndani yake haina faida.