Alama Isiyouzwa: Mshahara na Uaminifu wa Mwalimu Katika Historia Yetu



Sisi tunaoishi upande wa Simi-Simi, hapa Kisangani, tu majirani wa historia ndefu ya shule. Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, alifika Stanley Falls, akaanzisha misheni ya Mtakatifu Gabrieli. Miaka tisa baadaye, tarehe 26 Mei 1906, Kiti Kitakatifu na dola la Mfalme Leopold II vilipatana kwamba misheni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Tangu siku hizo swali moja halijaondoka mlangoni mwa darasa: ni nani amlipe mwalimu? Twataka kulifuata swali hilo, kwa maana linaeleza mengi juu ya uaminifu wa walimu wetu, na juu ya uaminifu wetu sisi tunaokaa mbele yao.

Mwaka 1967 nchi yetu ilianzisha Mtihani wa Dola, ambao vijana huuita Exetat. Nia yake ilikuwa njema: mtoto wa Kinshasa na mtoto wa Opala wapimwe kwa kipimo kimoja. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za makanisa. Haikuchukua muda kabla mzigo kuielemea, na tarehe 26 Februari 1977 ulitiwa sahihi mkataba mpya: makanisa yasimamie shule, serikali ilipe mishahara. Kwenye karatasi kila upande ulijua wajibu wake.

Kisha karatasi ikabaki, mshahara ukayeyuka. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 uchumi wa Zaire uliporomoka, bei za bidhaa zikapanda siku hata siku, na walimu wakagoma kwa muda mrefu. Ili madarasa yafunguliwe tena, Kanisa Katoliki na wawakilishi wa wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachangie malipo ya mwalimu. Mchango huo uliitwa prime. Ulikusudiwa uwe dawa ya muda tu, lakini ulidumu zaidi ya miaka ishirini na mitano.

Tusiwahukumu haraka waliouanzisha, maana bila prime shule nyingi zingekufa. Hata hivyo, tuone ilivyobadilisha mambo. Mwalimu alijua ni mtoto gani amelipa na ni yupi hajalipa. Asiyelipa alirudishwa nyumbani. Sehemu ya fedha ilibaki shuleni, sehemu ikapanda hadi ofisi za juu. Hivyo anayepima alianza kulishwa na anayepimwa. Hapo ndipo methali yetu ya zamani, mkono mtupu haulambwi, ilipopata makao darasani. Kutoka kulipia kiti hadi kulipia alama, njia ni fupi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, ilitangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Amri hiyo ilianza kutekelezwa nchi nzima mwezi Septemba 2019 tu. Watoto wengi walioachwa nje waliingia shuleni, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini walimu wengi wa mijini, ambao prime yao ilizidi mshahara wa serikali, walijikuta maskini kuliko jana. Wengine hawakuwa hata katika orodha ya malipo, nayo madarasa yalifurika. Mwezi Oktoba 2021 walimu wa shule za Kikatoliki waligoma.

Hapa tunapenda kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mwalimu anayegoma anamdai hadharani yule anayewiwa naye. Mwalimu anayeuza alama anachukua gizani kutoka kwa asiyewiwa naye kitu. Njaa yao yaweza kuwa moja, lakini matendo yao si mamoja. Kusema kwamba mshahara mdogo unaeleza udanganyifu ni kweli. Kusema kwamba unauhalalisha ni kuwatukana walimu wengi waliobaki na njaa ileile wasiuze kitu.

Kwa nini tendo hilo ni zito? Tumtazame kijana wa nchi yetu, Floribert Bwana Chui. Huko Goma aliwafundisha watoto wa mitaani katika Shule ya Amani ya Jumuiya ya Sant'Egidio. Kazi yake ya mshahara ilikuwa ya kukagua bidhaa mpakani. Alipopewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, alikataa. Mwezi Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma.

Floribert alielewa kwamba mhuri wake ulikuwa neno alilowapa watu asiowajua: kuleni, hakitawadhuru. Alama ya mwalimu ni mhuri wa namna hiyohiyo. Haisemi na mwanafunzi peke yake. Inasema na mgonjwa atakayepewa dawa na muuguzi huyo, na abiria atakayevuka daraja la mhandisi huyo, na mtoto atakayefundishwa kusoma na mwalimu huyo. Hao wote hawakuwamo darasani siku bahasha ilipopita mkononi, lakini ndio watakaokula mchele ulioharibika.

Basi, vijana, tusiwanyoshee walimu kidole kana kwamba sisi tulikuwa mbali. Alama haiuzwi pasipo mnunuzi. Darasa linapokusanya fedha kabla ya mtihani ili msimamizi afumbe macho, mara nyingi mwenye daftari la makusanyo ni kijana, tena huenda ni mwimbaji wa kwaya. Kumwambia mwenzako "mimi sitoi" ni jambo gumu, kwa sababu utaitwa msaliti, na pengine utafeli mahali ambapo wengine watapita. Hatuwezi kuwaahidi kwamba hamtapata hasara.

Twaweza kuwaomba mambo mawili. Mwalimu anapodai haki yake mbele ya serikali, tusimame upande wake, kwa maana anadai kilicho chake. Na daftari la makusanyo likipita katika safu yetu, lisipate jina letu.