Kazi za Msiba katika Miji ya Pwani

Msafiri apitaye katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, huonyeshwa kaburi moja lililochorwa mwaka wa 802 wa Hijria, ambao ni sawa na mwaka 1399 wa Masihi. Na akiteremka kusini hata Kunduchi na Kaole atakuta makaburi mengine ya mawe yenye nguzo ndefu, na katika baadhi yake mapango madogo ambamo zamani zilipachikwa sahani na bakuli za Kichina. Ni rahisi kwa mwenye kuyatazama kudhani kwamba hapo ndipo ilipoandikwa tarehe ya misiba ya Waswahili. Lakini nguzo zile zilikuwa za wachache wenye mali na jaha. Walio wengi walilazwa mchangani, wakawekewa jiwe kichwani na jiwe miguuni, na haikupita miaka mingi ila majani yalikwisha kufunika. Walichotuachia hao ni utaratibu: nani afanye nini tangu roho itokapo hata siku mjane atokapo edani, na nani asifanye. Utaratibu huo nauona kuwa ni jengo kubwa kuliko nguzo za Kunduchi, nao unastahili kuandikiwa tarehe yake.

Msingi wake ulikuwa kwamba mfiwa hapewi kazi. Mtu akiisha kukata roho, aliye karibu naye humfumba macho, humfunga taya kwa kitambaa, humnyosha viungo vingali laini, akamwelekeza kibla na kumfunika shuka. Na tangu hapo mambo huingia mikononi mwa wengine. Mmoja hutumwa kwa jamaa walio mbali, mwingine msikitini kuchukua jeneza, na vijana wa mtaa huchukua majembe bila ya kungoja kuambiwa, maana kuchimba kaburi hakukuwa na ujira. Ndani ya nyumba huchimbwa ufuo, yaani shimo la kupokea maji yatokayo chini ya kitanda cha kuoshea, na mwosha, mwanamume kwa mwanamume na mwanamke kwa mwanamke, hufanya kazi yake kwa maji yaliyotiwa majani ya mkunazi, na mwisho kafuri. Sanda ni nguo nyeupe, tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, na aghalabu ilikuwa bafta; wazee wengi waliinunua wenyewe wangali hai, wakaiweka sandukuni pamoja na udi na pamba, ili watoto wao wasije wakahangaika dukani siku ile. Makaburini maiti huingizwa katika mwanandani, yaani tundu la ubavuni mwa kaburi, kikawekwa kiunza, yaani ubao, mbele yake, ndipo mchanga urudishwe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye habari alizoziandika na kuzikusanya zilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, hakuona kuwa mambo haya ni madogo mno kuandikwa. Naye aliyaandika kwa utulivu wa mtu ambaye ameyaona mara nyingi na kuyashika kwa mikono yake.

Hata hivyo, jambo moja katika utaratibu huu lilipinduka, nalo lafaa lielezwe bila ya kuona haya. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijria, Mtume aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na jambo la kuwashughulisha. Hiyo ndiyo asili. Katika miji yetu, lakini, matanga yalikua: watu walikuja kulala juu ya mikeka siku tatu, na wengine siku saba, kisha ikafuata hitima, kisha arobaini, na aliyetakiwa awalishe watu hao wote ni yule yule mfiwa. Wali ukapikwa kwa masufuria makubwa, mbuzi na ng'ombe wakachinjwa, na aliyefanya karamu ndogo akasemwa barazani kwamba amemzika babake kama mtu asiye na kwao. Kuna waliokopa, na kuna walioweka shamba rehani. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya hata alipofariki mwaka 1947, alikuwa mmoja wa waliozikemea bida na israfu za namna hii waziwazi, katika mji ambao kuzikemea kulimpatia mtu maadui. Mimi namuunga mkono, ijapokuwa nayajua mapenzi yaliyomo katika desturi ile. Kwani nyumba iliyojaa watu usiku wa kwanza ni faraja ambayo sahani ya wali haiinunui wala haiifukuzi.

Dawa ya gharama hizo ilikuwako, nayo ni ubani. Ajaye kutoa mkono wa tanzia haji mikono mitupu. Huacha kitu kidogo kwa mtu aliyekalishwa kupokea, na kilichotolewa hukumbukwa, ili nyumba iliyotoa leo ipewe siku yake itakapofika. Wageni waliomiminika mijini katika wakati wa Wadachi na Waingereza, wasiokuwa na ukoo wa kuwachimbia kaburi, waliunda badili ya ukoo: vyama vya ngoma ya beni, ambavyo watu huvikumbuka kwa tarumbeta na kofia zake, vilikuwa pia vyama vya kuzikana, na mwanachama aliyekufa mbali na kwao alipata sanda na watu wa kumchukua. Watani nao walikuwa na daraja yao. Mnyamwezi kwa Mzaramo, kwa utani uliolelewa na safari za misafara, aliweza kuingia msibani, akashika kazi ngumu ambazo jamaa hawaziwezi kwa majonzi, akafanya masihara mbele ya watu waliao, akanyakua kitu cha marehemu na kukataa kukirudisha mpaka akombolewe. Na hakuna aliyekasirika, kwa sababu kila mtu alijua kwamba amekuja kuwarudishia wenye msiba pumzi zao.

Basi, kazi zote hizo zikiisha kugawanywa, wenye marehemu waliachiwa moja ambayo hakuna jirani awezaye kuwafanyia, nayo ni deni. Sharia imepanga mali ya maiti kwa mafungu yasiyopitana: kwanza gharama za kumzika, pili madeni, tatu wasia usiozidi thuluthi wala usiokuwa wa mrithi, na baada ya hayo ndipo warithi washike chao. Ndiyo maana watu wakiwa wangali makaburini, pengine mikono ina udongo, husimama mwana au ndugu wa marehemu akasema kwa sauti ya kusikika kwamba aliyekuwa akimdai marehemu na aje kwake, yeye atalipa, na asiyeweza kungoja na aseme. Nimesikia maneno hayo mara nyingi, na kila mara huona kwamba hapo ndipo mtu anapokuwa mkubwa wa nyumba. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa fulani. Mahari ya mke isiyolipwa nayo ni deni, na iliwekwa mbele ya urithi hata pale ambapo watu wa mume walipenda isahauliwe.

Baada ya deni huja hesabu. Mtu akifa akaacha mke, mwana wa kiume na binti, na mali yake ikiwa minazi 240, mke hupata thumni, yaani minazi 30, na 210 iliyobaki hugawanywa mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, ikawa 140 kwa kijana na 70 kwa binti. Shamba liliweza kukaa bila ya mipaka, na kila mmoja akajua minazi yake. Lakini vizazi vitatu vikipita hesabu ilikuwa nyembamba kama uzi, na hapo ndipo watu walipomwendea kadhi. Kulikuwa pia na hesabu zenye uchungu zaidi: mtu aliyeachwa huru, akafa bila ya jamaa wa kumrithi, mali yake ilimwangukia bwana aliyemwacha huru au watu wake, kwa haki iitwayo walaa, na hata baada ya amri ya Unguja ya Aprili 1897 ya kuufuta kisheria, utumwa ulirudi mlangoni kwa njia ya mirathi.

Mjane hakuingia katika mbio hizi. Alikaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue akiwa na mimba, amevaa nguo zisizo na pambo, akiitwa kizuka, na wanawake waliokwisha kupita njia hiyo wakimfundisha.

Halafu karatasi zikaingia. Kenya ilibaki na makadhi wake, na Unguja vivyo hivyo; Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 1963, iliwaondoa makadhi na kuyapeleka mambo ya mirathi katika Mahakama za Mwanzo. Sasa ukoo hukutana, huandika muhtasari, humchagua msimamizi wa mirathi, naye hupeleka cheti cha kifo mahakamani. Na kwa kanuni za mwaka 1971 hupewa miezi minne ya kuorodhesha mali na madeni yote ya marehemu, muda ambao wakaribia sana eda ya mjane aliye chumbani. Ni kanuni nzuri, na nawasihi wenye kufiwa wasiipuuze, kwa kuwa nyumba nyingi zimekwenda mikononi mwa mwenye nguvu kwa sababu hakuna aliyeandika. Ila orodha hupokea yale tu yanayojulikana na mwenye kuijaza.

Nilipokuwa kijana nilihudhuria maziko ya mzee mmoja, fundi wa mashua, na mwanawe aliposimama kutangaza deni, alijitokeza mchuuzi wa samaki aliyekuwa nyuma kabisa. Watu wakampisha, wakidhani amekuja kudai. "Mwanangu," alisema, "mimi simdai baba yako. Yeye ndiye anidaiye, shilingi kumi na mbili za kunitilia kalafati ngalawa yangu, wala hakuna mtu aliyekuwako siku ile ila sisi wawili." Kijana yule akatafuta kalamu, asiione; akamwomba mwalimu wa chuo aishike hesabu hiyo kichwani mpaka watakapofika nyumbani.