Habari za Kuoza Wasichana Wadogo katika Nchi ya Rungwe

Kwa Kiswahili mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kinyakyusa hakitofautiani nacho katika jambo hili, maana neno la mwanamume ni ukwega, ndiko kutwaa, na la mwanamke ni ukwegigwa, ndiko kutwaliwa. Twaanza na maneno haya kwa sababu mtu atakaye kujua habari za wasichana wa Rungwe waliokuwa wakiozwa wangali wadogo, haimfai kuuliza umri wa msichana peke yake. Sharti aulize pia umri wa yule amtwaaye, na ng'ombe wa mahari wametoka katika zizi la nani.

Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa katika nchi hii kati ya mwaka 1934 na 1938, wakati Kyela ilipokuwa bado ndani ya wilaya ya Rungwe, na Bibi Wilson akaandika vitabu kadha wa kadha juu ya mila walizoziona. Wavulana, wapatapo umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi, waliondoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pamoja na wenzao wa rika moja. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, lakini kulala walilala kwao, na kijiji kile kikakua pamoja nao hata wakawa wazee. Wasichana hawakuwa na vijiji vya namna hiyo. Msichana alichumbiwa kabla ya kuvunja ungo, pengine akiwa na miaka minane au kumi tu, na ng'ombe wa kwanza wakapelekwa kwa baba yake. Tangu hapo alianza kumwendea mchumba wake kibandani, akilala huko siku chache na kurudi kwa mama yake. Michezo fulani iliruhusiwa, bali kumwingilia kabisa kabla hajavunja ungo kulihesabiwa kuwa kosa. Alipovunja ungo aliwekwa ndani pamoja na wasichana wadogo wa kumwandama, akafanyiwa mila za unyago na za ndoa kwa pamoja, kisha akapelekwa kwa mumewe. Tangu kuchumbiwa alikwisha kuanza kumkwepa baba mkwe, asikutane naye wala kumtazama, na mwiko huo ulimfuata siku zote.

Basi, msichana aliingia katika ndoa mara alipokomaa mwili, lakini mwanamume alingoja. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa wazee, na kijana asiye na baba mwenye mifugo, au mwenye kaka wakubwa ambao bado hawajaoa, alikaa miaka mingi akilima shamba la baba yake. Kwa hiyo wanaume walioa wakiwa wamewapita wake zao kwa miaka kumi au zaidi. Ndiyo sababu wazee waliweza kuwa na wake wengi; maana mahali ambapo wanawake hawawazidi wanaume kwa hesabu, hapana njia nyingine ya mtu mmoja kupata wake wanne ila wasichana waolewe mapema na vijana wacheleweshwe. Wengine husimulia desturi hii kana kwamba ilihusu ulinzi wa usichana tu. Sisi twaona zizi lilikuwa na neno kubwa zaidi.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Waluteri wa Misheni ya Berlin wakaingia katika nchi hiyo hiyo wakati ule ule. Ugomvi wao mkubwa na desturi za ndoa ulikuwa juu ya wake wengi, lakini jambo jingine liliingia kimyakimya: katika ndoa ya Kikristo bibi arusi huulizwa mbele ya watu kama anakubali, naye sharti ajibu kwa kinywa chake. Mtoto wa miaka minane hawezi kuulizwa swali hilo. Kisha fedha ikafanya kazi yake. Vijana wa Tukuyu walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, wakarudi na ujira. Na kijana aliyenunua ng'ombe wake mwenyewe hakulazimika kungoja zamu yake kwa baba.

Serikali ya Mwingereza haikupenda kugusa mambo haya. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 ilikataza mume kumwingilia mkewe aliye chini ya miaka 12, walakini ikasema si kosa kwa mtu wa asili ya Afrika au ya Asia kumwoa au kumwoza msichana wa umri huo kwa mila yake, maadamu haikusudiwi amwingilie kabla ya kutimiza miaka hiyo. Msomaji akumbuke msichana yule wa kibandani. Sheria iliiachia desturi ile nafasi yake, ila badala ya kutazama mwili ikatazama hesabu ya miaka. Hesabu hiyo ilipandishwa kuwa 15 mwaka 1998.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilifanya makubwa zaidi. Iliweka sheria moja kwa watu wote wa Tanzania Bara, ikataka hiari ya wote wawili, na kifungu cha 41 kikasema ndoa haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikufuatwa. Kwa mtu wa Rungwe neno hilo lilikuwa zito, kwani lilimwondoa ng'ombe katika kiini cha ndoa. Lakini kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, tena kikaipa mahakama uwezo wa kuruhusu hata miaka 14. Na kifungu cha 17 kikamtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya wazazi. Kwa maoni yetu hapo ndipo sheria mpya ilipobeba kitu cha kale bila kujua: kwamba mwanamke aanze mapema, na mwanamume angoje. Pengo la miaka kumi lilipunguzwa likawa la miaka mitatu, lakini halikuzibwa.

Mwaka 2009 Sheria ya Mtoto ilisema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na hivyo msichana wa miaka 15 akawa mtoto katika sheria moja na mke katika nyingine. Bibi Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hili Mahakama Kuu, nayo Julai 2016 ikatamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba. Mwaka huo huo sheria ya elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu atakayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari. Serikali ilikata rufaa juu ya hukumu ile, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa, ikaagiza sheria irekebishwe katika muda wa mwaka mmoja, umri uwe miaka 18 kwa wote wawili. Mwaka huo ulikwisha Oktoba 2020, na vifungu vile vilikuwa bado havijarekebishwa.